Vidole Viwili Juu ya Wavu

Jumatatu, 5 Mei

Sheria zimebadilika. Mimi bado niko pale pale, kwenye kona ya uwanja, na kibendera mkononi.

Habari imeletwa na Nura, binti wa dada yangu Kaltum. Kamati ya mashindano ya shule za sekondari imetangaza sheria mpya za mpira wa wavu. Nura anachezea timu ya wasichana ya Bwiza. Ni pasezi, kama tunavyosema hapa: yule anayeupokea mpira wa pili kwa vidole na kuuinua ili mwenzake aupige. Na tangu aanze kucheza ana adui mmoja, mguso mara mbili. Mikono yake haikubaliani. Wa kushoto hugusa, wa kulia hufuata nyuma kidogo, mpira hutoka ukizunguka. Refa hupiga filimbi, hunyanyua vidole viwili, pointi imekwenda.

Sasa basi! Kuanzia mwaka huu mguso mara mbili kwenye mpira wa pili si kosa tena, mradi mpira ubaki upande wa timu ile ile. Nura alitueleza mezani, kisha akaviangalia viganja vyake kama ndiyo kwanza amepewa. Kaltum akauliza kama sheria mpya zinasema lolote kuhusu wanaume wanaoacha sahani mezani. Hazisemi.

Mimi nilisikia jambo moja tu. Marefa wote watafanya mafunzo Jumamosi, uwanja wa shule ya Bwiza, na atakayeshika nafasi ya kwanza ndiye atakayesimama juu siku ya fainali ya wasichana.

Juu. Refa wa kwanza. Miaka yote hii mimi ni refa wa mstari. Kazi yangu ni kusema mpira umeingia au umetoka, na hakuna anayeniuliza neno lingine. Kule juu husimama Rénovat, mtumishi wa serikali, mrefu, mtu anayepiga pasi hata soksi. Watu husema ana filimbi nzuri. Filimbi ni filimbi.

Mchana kutwa niliota katika duka letu la vitenge. Nilijiona juu, upepo wa ziwa unanichezea kola, mpira unapanda, unasimama hewani kama umesahau njia ya kushuka, na uwanja mzima unanisubiri mimi. Mama mmoja aliomba kitenge pande zima, nikamkatia nusu. Kaltum kaniambia nikaote ghalani, huko hakuna mkasi.

Jumanne, 6 Mei

Nimelala na wazo. Nimeamka, bado lipo zima.

Jioni Rénovat alikuja kununua uzi mweupe. Hushona vifungo vyake mwenyewe. Nikamwambia, huku nakunja vitenge bila kumtazama usoni, kwamba mafunzo yamehamishiwa Kajaga, ufukweni, kwenye mchanga. Akauliza nani kasema. Nikajibu ndivyo inavyosemwa. Akauliza kwa nini mchangani. Nikasema ni kwa kuyahurumia magoti ya marefa. Hilo lilimwingia, maana goti lake la kulia humsumbua kwenye ngazi. Akashukuru, akasema, "Sawa, mi nitauliza vizuri," akaenda zake na uzi wake.

Aulize. Amuulize nani? Wenzetu wote wamo kwenye lile kundi la marefa la simu, na humo watu hutumiana maua tu asubuhi. Mimi nilijitoa mwezi uliopita, siku walipomfanya Rénovat kiongozi wa kundi. Nilitoka kwa heshima, bila kuaga. Mpaka leo hakuna aliyeuliza niko wapi.

Nimejiona tena juu. Safari hii nilikuwa na kofia.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi kazi za umma. Tumezibua mfereji wa mtaa. Nimezibua kidogo, nikijilinda shati.

Kisha uwanjani. Nimefika wa kwanza. Vizuri. Refa mkubwa hufika kabla ya kivuli. Nimekaa juu ya ukuta wa shule nikisubiri. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima ya Kongo, meupe, hayana haraka, nami nikayaangalia mpaka nikasahau nilikuwa nangoja nini. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi. Kuna kunguru aliyekuwa anatembea juu ya mstari wa uwanja, hatua kwa hatua, bila kutoka nje. Huyo angefaa kuwa refa wa mstari, animalizie kazi yangu.

Adhana ya adhuhuri ikanikuta pale pale. Nikaenda kuswali, nikarudi. Hakuna mtu. Mlinzi wa shule akaniambia hajapewa habari ya mafunzo yoyote.

Mwanzoni niliudhika. Halafu nikapata furaha. Ikiwa wote wamechelewa, mimi peke yangu ndiye niliyekuja, na katika mafunzo yenye mtu mmoja, mtu huyo ndiye wa kwanza. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kaltum akauliza kama nimefaulu. Nikasema bila mpinzani.

Jumapili, 11 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Rénovat aliuliza vizuri. Alimpigia simu Madame Dative mwenyewe, mkuu wa marefa, mama aliyewahi kucheza timu ya taifa na ambaye hadi leo hutembea kama anasubiri sevisi, ule mpira wa kuanzisha. Akamuuliza kama kweli mafunzo ni Kajaga. Madame Dative akasema apana, ni Bwiza. Kisha akasema kumbe hilo ni wazo zuri. Kajaga kuna nafasi, kuna kivuli, kaka yake ana vyombo vya uvuvi pale, na samaki hawakosekani. Akawatumia marefa wote ujumbe kwenye kundi la simu: tunaenda Kajaga, na tunamshukuru Rénovat kwa kutuwazia.

Wamekwenda wote. Wamekula samaki, mukeke wa kukaanga na ndizi, miguu majini. Rénovat ameshika nafasi ya kwanza. Nimeyasikia haya kwa Nura, aliyeyasikia kwa Chanelle, mpigaji wa timu yao, aliyekuwepo kwa sababu Madame Dative alihitaji wasichana wa kuwafanyisha marefa mazoezi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kwenda Kajaga. Mimi nimeilipia njia nzima bila kutoka Bwiza.

Zoezi lenyewe, kwa maelezo ya Chanelle, ni la kuchekesha. Marefa walisimama mstari mmoja mchangani, mikono nyuma, kila mmoja kajishika vidole. Wasichana wakawa wanainua mipira ya mguso mara mbili, mmoja baada ya mwingine, na marefa wanatazama tu. Tena na tena, mpaka mkono uache kutaka kupanda. Madame Dative aliwaambia kwamba kichwa husikia sheria siku moja, lakini mkono una masikio mazito.

Nimecheka sana. Mkono wangu unanisikia vizuri.

Kaltum hakucheka. Amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba katika jambo hili hakuna kisima popote, kuna ziwa.

Jumanne, 13 Mei

Allah ni mwema. Madame Dative mwenyewe amekuja dukani kutafuta kitenge cha arusi.

Nimemwambia sikuonekana Jumamosi kwa sababu ya tumbo. Kaltum, nyuma ya rafu, akakohoa. Nikaomba mtihani hapo hapo, kati ya vitambaa. Madame akakubali, maana Kaltum alikuwa bado anamtafutia rangi.

Nimejibu yote! Mguso mara mbili kwenye mpira wa pili si kosa, lakini mpira ukivuka wavu baada ya mguso huo ni kosa. Kapteni peke yake ndiye mwenye haki ya kumwendea refa wa kwanza na kuomba ufafanuzi, kwa adabu. Refa wa pili, anayesimama chini, anaweza kumnong'oneza refa wa kwanza lakini hamlazimishi. Refa wa kwanza akikosea anaweza kufuta uamuzi wake, na pointi ichezwe upya. Nilisema kwa mpangilio, bila kumeza mate.

Madame alifurahi. Akasema, "We unajua sana, Nasor. Mukono je?" Nikamwonyesha mkono, mbele na nyuma. Akasema hakuwa na maana ya kuuona.

Kisha nikaona heri niwe mkweli, ili lisije likasemwa baadaye. Nikamwambia Nura ni mpwa wangu. Madame akasema katika mji huu tukiwaondoa wajomba wote tutabaki na nguzo za wavu peke yake.

Basi fainali ni yangu? Apana. Rénovat alikuwa wa kwanza, na wa kwanza ni wa kwanza. Mimi kibendera.

Lakini akiwa mlangoni, kitenge kwapani, Madame akalalamika kidogo. Miaka yote refa amesimama juu ya meza ya mwalimu mkuu. Mwaka huu mwalimu mkuu ameinyima, kwa sababu ya alama za viatu. Hajui refa atasimama juu ya nini.

Nikasikia kitu kinafunguka kichwani, polepole, kama dirisha la asubuhi.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Zone Industrielle, kwenye viwanda, kwa Bonfils, mchomeleaji wa mageti. Nimemwagiza ngazi ya refa: miguu minne ya chuma, kibao cha kusimamia, kizuizi cha kifua. Zawadi yangu kwa vijana wa Bwiza.

Hila iko hapa. Sheria inasema macho ya refa wa kwanza yawe kama nusu mita juu ya wavu. Mimi ni mfupi. Rénovat ananizidi kichwa kizima. Ngazi ikitengenezwa kwa kimo changu, Rénovat akipanda atakuwa juu mno, nje ya sheria. Atashushwa na sheria yenyewe. Mimi sitakuwa nimesema neno.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha juu sharti achomelewe ngazi.

Asubuhi nilikuwa nimejipima kwenye uwanja wa shule, wavulana wakiwa mazoezini. Nilisimama kando ya wavu wao nikaweka alama kwenye kamba. Bonfils aliichukua ile kamba, akaniuliza ni wavu gani. Nikamwambia wavu ni wavu. Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaanza.

Nilikaa juu ya pipa nikiangalia cheche. Malori ya bandarini yalikuwa yanapita, vumbi linapanda na kushuka taratibu kwenye jua. Nilijiona juu ya ile ngazi, na chini Madame Dative ananiangalia, na mpira unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, hauna mwisho. Bonfils alinigusa bega. Suruali yangu ilikuwa imetoboka kwa cheche na mimi sikusikia.

Ijumaa, 16 Mei

Imefaulu! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu jambo limekwenda kama lilivyopangwa.

Ngazi imefika uwanjani kwa mkokoteni, imepakwa rangi ya bluu. Nusu fainali ya wavulana ilikuwa ndiyo inaanza, wavu umeshafungwa. Madame Dative alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hajawahi kuona refa mwenye moyo kama huu. Nikainamisha macho.

Rénovat akapanda. Goti lililia. Kichwa chake kikaingia kwenye matawi ya mti ulio kando ya uwanja. Alijaribu kuchungulia chini kati ya majani, watoto wakaanza kumwita twiga. Madame akapima kwa macho, akatikisa kichwa, akamwomba ashuke. Halafu, kwa kujaribu tu, akaniomba mimi nipande.

Nusu mita kamili. Nilikaa pale kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Basi Madame akaamua: kesho fainali ya wasichana, Bwiza na Kinindo, juu Nasor, chini Rénovat, refa wa pili. Mshindi anakwenda Gitega kwenye mashindano ya nchi.

Rénovat alinipa mkono. Hakuonyesha chuki, jambo lililonisumbua. Alisema ngazi ni nzuri, ila niangalie kimo chake tena kesho, wavu ukishushwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wivu una lugha nyingi.

Nyumbani nimemweleza Nura. Hakuruka kwa furaha kama nilivyotarajia. Aliuliza kama nimejizoeza lile zoezi la Kajaga. Akajitolea tufanye wote uani: yeye ainue mipira, mimi nisimame na mikono nyuma mpaka mkono uzoee. Nilimshukuru. Nilikuwa na shati la kunyoosha na filimbi mbili za kuchagua moja. Akanitazama kidogo, akachukua mpira akaenda kuinua peke yake ukutani. Nilikuwa nasikia ule mlio wakati napiga pasi. Ta-ta. Ta-ta. Mikono yake ile ile.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika hata kama sitaki. Ni haki ya karatasi.

Saa tisa nilipanda. Kaltum alikuwa amefunga duka, amekaa mstari wa mbele na mwavuli wa jua. Nilishika kizuizi, nikanyanyua macho, na nikaona.

Niliona kupita wavu. Niliona kupita ukuta wa shule na mabati ya Bwiza yote. Niliona ziwa, ambalo jana, macho yote kwenye wavu, sikuliona.

Wavu wa wasichana hufungwa chini kuliko wa wavulana, karibu shibiri moja. Nalijua hilo tangu utoto. Kila mtu analijua. Kamba yangu ilijua wavu wa wavulana tu, na sasa nilikuwa juu kuliko sheria inavyotaka, juu kuliko refa yeyote aliyewahi kuchezesha mechi Bwiza. Madame Dative alilitambua mara moja, nikamwona anapima kwa mkono kutoka kwenye meza ya kamati. Lakini timu zilikuwa zimeshajipanga, na ngazi nyingine haikuwepo. Akanipa ishara nianze.

Nikaanza vizuri. Wallahi nilianza vizuri. Seti mbili za mwanzo sikukosea kitu. Nura aliinua mipira akiwa huru kabisa, inatoka mikononi ikizunguka, na mkono wangu ulitulia kwenye kizuizi. Chanelle akawa anapiga kama anayedai haki yake. Nilijiambia, unaona, Kajaga ya nini.

Halafu jua likageuka. Ziwa likaanza kung'aa upande wa Uvira, na juu yake yale mawingu ya Jumamosi iliyopita, hayajaenda popote, na upepo ukanifikia kwenye kola kama nilivyouota. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiota. Mpira ulikuwa unapanda, unasimama, unashuka. Nilifurahi kuliko siku zote. Nasema kweli, nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kwamba nipo.

Seti ya mwisho. Bwiza wamebakiza pointi moja wawe mabingwa. Sevisi ya Kinindo, Bwiza wakapokea, mpira ukamwendea Nura. Nilikuwa naliangalia ziwa. Nikageuza macho na kuukuta mpira unatoka vidoleni mwake, ta-ta, unazunguka, mzuri, juu sana.

Filimbi ililia. Nikashangaa nani kaipiga. Nikauona mkono wangu hewani, na vidole viwili.

Chanelle alikuwa ameshaupiga. Mpira uliangukia ndani kabisa, kati ya wasichana wawili wa Kinindo, lakini filimbi ilikuwa imeshaua mchezo. Wazee wachache waliozoea sheria ya zamani waliitikia, mbili, mbili. Nilimwona Kaltum akiufunga mwavuli wake taratibu.

Rénovat alikuja chini ya ngazi. Kwa utaratibu, mkono kifuani, asionekane na watu. Akanong'ona: "Nasor, hiyo sheria iliisha. Futa." Hakucheka, hakupandisha sauti. Nilitamani angecheka. Nikamwambia aniache nifikiri. Nilichokuwa nafikiri ni jinsi ya kuviteremsha vidole vile bila mtu kuona.

Kisha akaja Nura. Yeye ndiye kapteni, ana haki hiyo. Alisimama chini yangu, mikono nyuma ya mgongo, uso umelowa jasho. Hakuniita mjomba. Alisema, "Monsieur l'arbitre, ninaomba ufafanuzi."

Katika ndoto zangu zote za kule juu, watu waliniita jina hilo, bwana refa. Sikujua kwamba linauma.

Nilisema nimekosea. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniomba nirudie, nikarudia. Nikafuta, nikaamuru pointi ichezwe upya, kama inavyotakiwa. Madame Dative akatikisa kichwa kukubali. Kwa sheria hakuna kilichoharibika.

Wakaicheza upya. Kinindo wakapiga sevisi, mpira ukamwendea tena Nura, rahisi kuliko ule wa kwanza. Akanyanyua vidole. Akanitazama. Sekunde ile alinitazama mimi badala ya mpira, kisha akavishusha vidole na kuupiga kwa mikono ya chini, kama anayeanza kujifunza. Mpira ukaenda mfupi. Chanelle hakuufikia.

Kinindo wakachukua pointi ile na mbili zilizofuata. Filimbi ya mwisho niliipiga mimi. Ndiyo kazi ya refa wa kwanza.

Sikushuka. Watu waliondoka, wavu ukafunguliwa, mimi bado niko juu nikijifanya nasubiri kitu. Rénovat ndiye aliyenishikia ngazi. Alisema miguu yake haikukaa sawa kwenye udongo, nisije nikaanguka.

Jumapili, 18 Mei

Duka halikufunguliwa. Mimi sikulifungua, na Kaltum alikuwa anamsuka Nura.

Nilikwenda kumwomba Nura msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine ya Kifaransa. Nikakuta amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, macho kafumba, na maneno yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba nina huzuni na kwamba alikuwa anacheza vizuri sana. Hakufumbua macho. Akasema Gitega wanasema kuna baridi, hata hivyo.

Nilikwenda uani nikalia kidogo karibu na pipa la maji. Si sana. Ilitosha.

Kaltum aliniletea chai. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini chai linakunywa. Sikuelewa. Nikanywa.

Jumatano, 21 Mei

Jioni ya leo nilisikia tena ule mlio. Ta-ta. Ta-ta. Nura alikuwa uani, anainua mpira ukutani. Nikatoka nikasimama mlangoni. Bila kugeuka akaniambia niweke mikono nyuma. Nikaiweka. Akainua, mpira ukatoka ukizunguka. Mkono wangu wa kulia ulishtuka, nikaushika kwa wa kushoto. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akainua tena, nikashtuka tena, akacheka tena. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ukawa wa rangi ya chungwa juu ya mabati. Ameniambia mwaka ujao atakuwa bado shuleni, Gitega haihami. Nampenda sana mtoto huyu.

Moyo ukanitulia. Na moyo wangu ukitulia, kichwa huanza kazi.

Nimewaza hivi. Mkono wangu hauna kosa lolote. Mkono wangu ni mwaminifu, unaishika sheria ya zamani kama mlinzi anayeshika mlango. Umepelekwa tu mahali pasipoufaa. Na Chanelle katueleza jambo leo: kamati inaanzisha mashindano ya shule ya mpira wa wavu wa ufukweni, huko Kajaga, likizo hii. Kwenye mchanga mguso mara mbili bado ni kosa! Bado! Vidole viwili, pointi imekwenda. Katika mji mzima hakuna mkono uliozoea kama huu wangu.

Nimejiona juu. Mbele yangu ziwa lote, bila ukuta, bila mabati. Ngazi ya bluu kwenye mchanga mweupe. Kesho naenda kwa Bonfils aiongeze miguu kidogo, maana mchanga humeza.

Marefa wa ufukweni watafanya mafunzo Jumamosi ya wiki ijayo, Kajaga, na wa kwanza ndiye atakayesimama juu. Saa ya kufunga duka Rénovat alipita kuchukua vifungo. Nikamwambia, huku nakunja vitenge bila kumtazama usoni, kwamba mafunzo yamehamishiwa Bwiza.

Ameshukuru. Safari hii nimemwomba asimsumbue Madame Dative kwa simu. Amesema sawa, atamwendea nyumbani.